Kasha gumu, mfuko laini au ndoo: kipi kibebe zana zako za kuvulia karpi?

Mwombe mvuvi wa karpi, yule samaki wa maji baridi, akutajie vilivyomo sandukuni mwake. Ataanza vizuri na ndoano, atapita kwenye machubwi (vizito vya madini ya risasi) na sindano za chambo, kisha atakwama na kufungua kifuniko achungulie mwenyewe. Uvuvi huu una vitu vidogo vingi mno, ndiyo maana watengenezaji wa masanduku hushindana kutangaza idadi ya vyumba na ujazo wa lita. Namba hizo hazikusaidii sana kuchagua. Yanayoamua ni mambo mawili yasiyoandikwa kwenye lebo: utatembea umbali gani kutoka gari linapoishia hadi ukingoni mwa maji, na vigwe unavyofunga vina urefu gani.

Nianze na vigwe, kwa sababu hapo ndipo sanduku la karpi linapoachana na sanduku la mvuvi mwingine. Kigwe ni kile kipande kifupi cha uzi kinachotoka kwenye chubwi hadi kwenye ndoano. Karpi hula kwa kunyonya: huvuta chambo pamoja na tope, huchambua kinywani, na asichokipenda hukitema upesi. Ili ndoano imnase kabla hajaitema, Lenny Middleton na Kevin Maddocks wa Uingereza walibuni, karibu na mwaka 1980, mtindo wa unywele. Chambo hakichomwi tena kwenye ndoano. Huning'inizwa kwenye uzi mwembamba unaotokea nyuma yake, na ndoano hubaki wazi. Mtindo huo ulienea, na kigwe kikawa kitu cha kufungwa kwa utulivu nyumbani, mezani, penye mwanga. Sanduku lako basi linabeba kazi iliyokwisha kufanywa, na kazi hiyo ikikunjamana njiani utaifanya upya gizani, vidole vikiwa vimekufa ganzi.

Kigwe cha kawaida cha kutega chini huwa na sentimita 15 hadi 25. Hunyooshwa juu ya ubao wa sponji na kushikwa kwa pini mbili, moja kila mwisho. Ukifunga kwa fluorokaboni, uzi mgumu usiosahau mkunjo, ubao mfupi kuliko kigwe haukufai hata uwe umeundwa kwa ustadi gani. Kipo pia kigwe kifupi cha kutegea juu ya majani na takataka za chini, ambacho wavuvi wa karpi hukiita chodi. Hicho ni cha sentimita chache tu na hupindwa makusudi. Kifuniko kikiwa karibu mno na sponji, pindo hilo hulala na kigwe kinapoteza umbo lake. Halafu kuna zigi, ya kuinua chambo katikati ya maji, ambayo huzidi mita moja bila shida. Hiyo huzungushwa kwenye gurudumu la sponji, na gurudumu lina unene wake. Mvuvi wa zigi anayenunua kasha lililoundwa kwa ajili ya vigwe vya chini atarudi dukani.

Kabla ya kulinganisha chochote, toa machubwi sandukuni. Machubwi mengi ya karpi yana gramu 57 hadi 113, yaani aunsi 2 hadi 4. Ishirini ya gramu 85 yanafika kilo 1.7, na kwa kuwa risasi ni nzito mara 11 na zaidi kuliko maji, uzito wote huo hujikusanya kona moja na kupiga kuta za vyumba kila unapopiga hatua. Risasi pia ni sumu, na hakuna sababu ya kuikalisha jirani na chambo, au na kitu chochote utakachokishika kabla ya kula. Iwekee kifuko chake cha kitambaa kizito. Naamini masanduku mengi yanayolaumiwa kwa kukatika mshikio yalikuwa yamebebeshwa mzigo usio wao.

Tukishaondoa machubwi, washindani wa kweli wanabaki watatu, na wengine wawili wasiofaa nitawataja kwa ufupi tu.

Wa kwanza ni kasha bapa gumu. Ni sanduku la plastiki lenye urefu na upana mkubwa na kimo kidogo, na ndani yake hupangwa visanduku vidogo vya vifuniko vyao: kimoja cha ndoano, kingine cha viungo vinavyozunguka na pete, kingine cha shanga na mipira ya kukinga fundo. Upande mmoja hukaa ubao wa vigwe, na mara nyingi chini ya kifuniko kuna sehemu ya sindano, mkasi na koleo. Fox, Nash na Korda kila mmoja ana mfumo wake. Usitarajie kisanduku cha kampuni moja kukaa sawasawa ndani ya kasha la nyingine. Ukichagua mfumo, umeuoa.

Wa pili ni mfuko laini, wa poliesta nzito au naironi, au ule wa EVA, plastiki laini kama mpira, ulioungwa kwa joto badala ya kushonwa. Wenyewe hauna mpangilio; ni nyumba tupu unayoijaza visanduku. Hapa kuna faida ambayo wengi hawaifahamu. Mifuko mingi ya uvuvi hutengenezwa ipokee visanduku vya vipimo viwili vilivyozoeleka kwa namba za kampuni ya Plano: 3600, takriban sentimita 28 kwa 18 na kimo cha 4.5, na 3700, takriban 36 kwa 23 na kimo cha 5. Kampuni nyingine hutumia namba hizohizo, kwa hiyo kisanduku kikivunjika unapata kingine bila kutafuta jina lilelile.

Wa tatu ni ndoo. Usicheke. Ndoo ya lita 17, ya mviringo na yenye kifuniko cha kubana, ni ukubwa ulioenea kwa wavuvi wa karpi kwa sababu ya chambo, na siku hizi huuzwa na trei ya kukaa juu yenye vyumba. Chini unaweka chambo, juu zana, na aina nyingine zina kifuniko chenye mto wa kukalia.

Sanduku la ghorofa, lile linalofunguka trei zikapanda kama ngazi, silipendekezi kwa karpi. Ni zuri kwenye gati au ndani ya mashua, mahali pa kulikalisha tambarare. Kwenye ukingo wenye mteremko trei moja iliyojaa huliegemeza upande, na vyumba vyake vifupi havina pa kunyooshea kigwe. Sanduku la kukalia lenye miguu ya kurekebisha ni zana ya mvuvi wa mashindano anayevua samaki wengi kwa saa chache bila kuondoka kitini. Karpi husubiriwa, tena mara nyingi usiku kucha. Ukitaka kiti, chukua kiti.

Nikiwapanga hao watatu bega kwa bega, picha ni hii:

| | Kasha bapa gumu | Mfuko laini | Ndoo yenye trei |
|---|---|---|---|
| Vigwe virefu | Bora, ikiwa ubao unatosha | Inategemea kisanduku ulichoweka | Vibaya; trei ni ya mviringo |
| Kutembea mbali | Huchosha mkono | Bora, una mkanda wa begani | Waya hukata kiganja |
| Mvua | Nzuri kifuniko kikifungwa | Zipu ndiyo mlango wa maji | Bora kuliko zote |
| Kutafuta kitu usiku | Bora | Ya kati | Ya kati juu, mbaya chini |
| Kuosha na kukausha | Dakika chache | Siku nzima, pengine zaidi | Dakika chache |
| Kelele ukingoni | Ipo | Karibu hakuna | Ipo, hasa mshikio wa chuma |

Jedwali hufanya mistari yote ionekane sawa kwa uzito. Haiko sawa. Mstari wa usiku una uzito kuliko yote, na nitaueleza zaidi.

Karpi akikata uzi saa tisa usiku unahitaji vitu vinne au vitano kwa mfuatano: kigwe kipya, kiungo, chubwi, chambo, sindano. Una taa kichwani inayovuta wadudu, mkono mmoja umelowa, na king'ora cha fimbo nyingine ya kuvulia pengine kinalia. Kasha bapa hushinda hapa kwa sababu ya umbo lake tu. Kila kitu kiko kwenye tabaka moja. Ukifungua kifuniko unaona vyote kwa mara moja, na mkono hujifunza mahali pa kila kitu. Mfuko laini unakulazimisha kutoa kisanduku, kukisoma, kukirudisha, kutoa kingine. Ndipo visanduku hubaki nje kwenye nyasi, na asubuhi mtu anakanyaga kimoja. Visanduku vyenye vifuniko angavu hupunguza tatizo bila kuliondoa.

Hata kasha bapa lina sharti: lisijae. Sanduku linaloruhusu kila kitu kiwe na chumba chake hukushawishi kununua kitu kwa kila chumba. Ndoano za namba 4, 6 na 8 zinamtosha mvuvi wa karpi kwa hali nyingi (kumbuka namba ikipanda ndoano inapungua), pamoja na aina mbili za kigwe na ukubwa mmoja wa viungo. Vingine vikae nyumbani kama akiba.

Suala la maji lina sura mbili, na watu hufikiria moja tu, ile ya mvua inayoingia. Kwa sura hiyo ndoo inashinda bila ubishi, na kasha lenye mpira wa kuzibia pembeni mwa kifuniko linafuata. Mfuko wa kitambaa chenye utando hukinga vizuri mpaka unapofika kwenye zipu na mishono. Ukitumia mifuko na nyuzi za PVA, ile plastiki inayoyeyuka majini na kuacha chambo kando ya ndoano, hata unyevu wa mkono unatosha kuiharibu. PVA iwe na kifuko chake kisichopitisha maji, ndani ya sanduku lolote.

Sura ya pili ni maji unayoyaingiza wewe. Kigwe kilichotoka ziwani kikarudishwa kwenye ubao kikiwa kimelowa hulowesha sponji, na sponji hushikilia unyevu siku nyingi. Ndoano za chuma cha kaboni, hata zilizopakwa rangi nyeusi ya kinga, huanza kutu kwenye ncha, mahali palepale unapohitaji ukali. Hapa kasha linaloziba vizuri linageuka adui: unyevu ulioingia haupati pa kutokea. Vifuko vidogo vya silika, zile chembe zinazonyonya unyevu, vinasaidia. Kinachosaidia zaidi ni kuwa na mahali pa kuweka vigwe vilivyotumika mbali na vipya, na hapo mfuko laini wenye mfuko mdogo wa wavu kwa nje umelizidi kasha akili. Kasha likikosa sehemu hiyo, tafuta kikopo.

Kukausha kuna uzito mwingine. Virusi vya herpesi vya koi (karpi wa mapambo), KHV, vilivyotambuliwa mwishoni mwa miaka ya 1990, huua karpi kwa wingi na husafiri kwa maji na kwa vifaa vilivyolowa. Mvuvi anayehama ziwa hadi ziwa anapaswa kuosha na kukausha kabisa kila kilichogusa maji. Wavu na mkeka wa kumlaza samaki ndivyo vya kwanza, lakini mfuko uliowekwa kwenye tope la ukingo nao umo. Kasha unalimwagia maji, unalifuta, limekwisha. Mfuko wa poliesta wenye sponji ndani ya kuta zake utakuonyesha kuwa mkavu kwa nje huku ndani bado. Ule wa EVA, usio na mishono wala kitambaa cha kunyonya, unasimama karibu na kasha katika hili, na kama unavua maziwa mengi tofauti ndio mfuko pekee ninaoushauri.

Kelele huchukuliwa kama jambo la wanaojifanya wataalamu, ila ina msingi. Karpi na jamaa zake wana mifupa midogo inayounganisha kibofu cha hewa na sikio la ndani, kwa hiyo husikia vizuri kuliko samaki wengi. Ukitupa chambo mita 80 kutoka ukingoni, kishindo cha sanduku juu ya changarawe hakikudhuru. Ukiwa unamnyemelea samaki aliye chini ya majani, hatua mbili kutoka miguuni mwako, kasha linalogongana ndani kama njuga litamfukuza kabla hujachomeka chambo. Wanyemeleaji hawana mjadala: mfuko laini, tena mdogo wa kiunoni, na ndani yake kisanduku kimoja.

Kuhusu plastiki yenyewe, geuza kisanduku uangalie alama ya pembetatu chini yake. Namba 5 ni polipropilini. Hiyo ndiyo unayoitaka, kwa kuwa huvumilia mafuta na viungo vya kuongeza harufu, na bawaba yake inaweza kufinyangwa pamoja na mwili wa kisanduku na kukunjwa miaka bila kukatika. Udhaifu wake ni baridi: joto likishuka karibu na nyuzi 0 huwa rahisi kupasuka ikigongwa, jambo la kukumbuka kwa wanaovua majira ya baridi. Namba 6, polistirini, huangaza vizuri na hupendeza dukani, lakini chambo bandia laini kikilala humo kwa muda huweza kuiyeyusha, na majimaji ya kukolezea chambo yenye alkoholi huipasua nyufa ndogo. Polikabonati nayo ni imara kwa kugongwa ila haipendi majimaji hayohayo. Hata ukiwa na plastiki sahihi, chupa za majimaji hayo zisimame nje ya sanduku la ndoano. Kofia yake ikilegea siku moja ya jua kali, kila kitu kitanuka hadi ukitupe.

Ukiwa dukani kuna jaribio moja lenye thamani kuliko maelezo yote ya kifurushi. Weka viungo vichache vidogo kwenye chumba kimoja cha kisanduku, funga, kigeuze juu chini, kitikise, kisha fungua. Viungo vikiwa vimehamia chumba cha jirani, kuta hazifiki kwenye kifuniko, na safari ya kwanza kwenye toroli itakuchanganyia kila namba ya ndoano. Halafu jaribu kufungua kibanio kwa kidole gumba cha mkono usiouzoea. Kibanio kinachohitaji mikono miwili kitakuudhi usiku, na kinachofunguka kwa kuguswa kidogo kitamwaga kila kitu siku ukilibeba kasha kwa mshikio wake. Ukinunua mfuko, vuta zipu hadi kona: zipu zinazokwama hukwama konani. Na mkanda wa begani ushike mahali uliposhonwa, uone kama mshono umerudiwa.

Kwa uamuzi wenyewe, anza na miguu yako. Ukiegesha gari nyuma ya kiti chako, au una toroli na njia nzuri, chukua kasha bapa gumu na usiangalie nyuma. Kifuniko chake pia ni meza ya kufungia vigwe, na aina nyingine zina miguu ya kuchomeka. Ukivua mchana tu, saa chache, sehemu moja, kwa vigwe vifupi, ndoo yenye trei inakutosha, na pesa iliyobaki inunue ndoano nzuri. Ukitembea mbali au kuhamahama ukifuata samaki, chukua mfuko.

Wengi wetu tuko kati ya hayo, leo gari liko karibu, wiki ijayo ni mwendo mrefu kando ya mto. Kwa hao chaguo langu ni kasha bapa la ukubwa wa kati, si kubwa, linaloingia ndani ya mfuko wenye nafasi zaidi pembeni kwa PVA, machubwi na vigwe vilivyolowa. Siku ya kutembea unabeba mfuko begani. Siku ya kukaa unatoa kasha na kuliweka karibu na fimbo. Ukinyemelea, unachomoa kisanduku kimoja ukakitia mfukoni. Mtu atasema ni kununua vitu viwili badala ya kimoja, na ni kweli, ila kasha la ukubwa wa kati halikupi nafasi ya kubeba usivyovihitaji.

Ukiamua kwenda njia hiyo, anza kununua kutoka ndani kwenda nje. Kwanza pima kigwe chako kirefu zaidi kikiwa kimenyooka, uchague ubao unaokizidi kwa sentimita mbili au tatu. Kisha panga ubao huo na visanduku vyako mezani, kimoja kando ya kingine, mpaka vikae kwa mpangilio ambao mkono wako unaufikia kwa urahisi. Pima mstatili uliopatikana, urefu, upana na kimo, ukiwa umefunga vifuniko vyote. Vipimo hivyo vitatu ndivyo vya kwenda navyo kutafuta kasha, na vipimo vya kasha utakalolipata ndivyo vya kutafutia mfuko.